Tauni ya Usambara na Korona ya Mwaka 2020: Hofu na Matumaini ya Waislamu wa Kwai

Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.T.), Mwenye kuleta maradhi na Mwenye kuleta dawa yake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Maswahaba zake. Amma baad.

Ndugu msomaji, ilikuwa ni mwezi wa Rajabu 1441, tarehe 16 Machi 2020, pale Waziri wa Afya wa wakati ule, Bi Ummy Mwalimu, alipotangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Tanzania, mama aliyeingia Arusha akitokea Ubelgiji. Siku iliyofuata skuli zikafungwa na mikusanyiko ikakatazwa, isipokuwa nyumba za ibada. Sisi huku Kwai, juu ya milima ya Usambara, tuliisikia habari ile redioni, na kabla ya swala ya Isha maswali yalikwisha fika mlangoni mwa msikiti. Je, tufunge msikiti? Je, tukiacha kupeana mikono tumekosa tawakkul? Je, maiti wa maradhi haya huoshwa? Na dereva mmoja wa gari la mboga akatuuliza: "Shehe, mimi kila wiki nateremsha kabichi na karoti Dar es Salaam. Mtume amekataza kuingia penye tauni. Niache kazi?"

Maswali haya hayakuwa mageni. Wenzetu waliotutangulia waliyauliza zamani, na hata milima hii yetu iliwahi kuyauliza. Tumeona ni vyema kuieleza historia hiyo, kwani mwenye kusahau yaliyopita huanza upya kila msiba.

TAUNI KATIKA MILIMA YETU

Vijana wengi hawajui kuwa wilaya ya Lushoto iliishi na tauni yenyewe, ile iliyotajwa katika vitabu vya hadithi na fiqhi, kwa zaidi ya miaka 20. Ilianza mwaka 1980, na hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000 waliougua walikuwa zaidi ya 7,000, na waliofariki zaidi ya 600. Sisi tulikuwa watoto wa chuoni ilipoanza. Tunakumbuka panya wakifa ovyo ndani ya nyumba, kisha homa kali, kisha mitoki ya kinenani na kwapani. Mahindi tuliyaweka darini, panya wakayafuata. Watu wengi walilala chini, viroboto wakawafikia.

Wako waliosema ni uchawi, wakatafutana ubaya na jirani. Wako waliomficha mgonjwa wao ndani hadi akafa, naye angefikishwa hospitali mapema angepona kwa idhini ya Mwenyezi Mungu, kwani dawa ilikuwepo. Na wako wazee waliofanya yote mawili: wakasoma Yasini na dua, na asubuhi wakawafungulia milango mabwana afya wapulize dawa ya viroboto. Hao wa mwisho ndio waliotufundisha sisi maana ya tawakkul kabla hatujaisoma kitabuni.

SAYYIDNA UMAR NA TAUNI YA AMWAS

Asili ya mlango huu katika fiqhi ni kisa cha Sayyidna Umar bin Al-Khattab (R.A.), kilichopokewa na Bukhari na Muslim. Alikuwa njiani kwenda Sham, na alipofika mahali paitwapo Sargh akaambiwa kuwa nchi ile imeingiwa na maradhi. Akawashauri Muhajirina, wakahitalifiana. Akawashauri Ansari, nao wakahitalifiana. Kisha akawaita wazee wa Kikureshi waliohama wakati wa Fat-hi, nao wakamshauri kwa kauli moja kuwa arudi. Abu Ubayda (R.A.) alipomuuliza iwapo anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, Umar alimjibu kuwa anaikimbia kadari moja kuielekea kadari nyingine ya Mola huyo huyo. Ndipo akaja Abdurrahman bin Awf (R.A.) na hadithi ya Mtume (S.A.W.) yenye kukataza kuiingia nchi yenye tauni, na kukataza kutoka humo kwa kuikimbia.

Katika Tauni ya Amwas, mwaka 18 Hijria, Abu Ubayda alifariki, na Muadh bin Jabal akafuata. Uongozi ulipomfikia Amr bin Al-As (R.A.), aliwaamuru watu watawanyike milimani, na maradhi yakaondoka. Khabari ilipomfikia Sayyidna Umar hakulichukia jambo lile. Tazama, ndugu msomaji: kutengana kwa ajili ya maradhi kulijulikana kwa Maswahaba, na hakukutoka kwa wageni.

Ama yule dereva, tulimjibu kwa aliyoyataja Imamu Nawawi katika sherehe yake ya Sahihi Muslim, kwamba maulamaa wameafikiana kuwa anayetoka kwa shughuli, pasi na nia ya kukimbia, hana ubaya. Serikali haikuzifunga njia, na chakula ni haja ya watu. Lakini tulimwekea sharti: akirudi ajitenge na wazee, na akisikia homa au kikohozi aswali nyumbani. Akatuuliza, "Hata Ijumaa?" Tukamwambia hata Ijumaa, kwani ugonjwa ni katika nyudhuru za kuacha Ijumaa, na kumuogopea mwenzako madhara ni dini.

SIKU TATU ZA DUA

Mwezi wa Aprili Rais wa wakati ule, hayati John Magufuli, aliwataka Watanzania wa dini zote wamuombe Mungu kwa siku tatu, tarehe 17 hadi 19. Wengi walifarijika, nasi tulikuwa miongoni mwao. Lakini kukatokea suali: je, dua hiyo tukusanyike kiwanjani, vijiji vyote pamoja?

Historia ina majibu mawili. Ibn Battuta, yule yule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alikuwepo Damascus mwaka 1348 wakati wa tauni kubwa. Ameeleza kuwa watu walifunga siku tatu, wakakesha msikitini, kisha wakatoka kwa miguu, Waislamu na misahafu yao, Mayahudi na Manasara na vitabu vyao, wakilia na kuomba. Yeye aliona kuwa Mwenyezi Mungu aliwapunguzia.

Jibu la pili ni la Al-Hafidh Ibn Hajar Al-Asqalani, mwenye Fat-hul Bari, katika kitabu chake alichokihusisha na tauni, Badhlul Maun. Huyu hakuandika kwa kusikia tu. Binti zake watatu waliondoka kwa tauni, wawili mwaka 819 Hijria na mmoja mwaka 833. Ameeleza kuwa mwaka huo wa 833, mjini Cairo, waliokuwa wakifa kwa siku hawakufika 40. Watu wakafunga siku tatu, wakatoka jangwani kwa wingi, wakaomba na kurudi. Mwezi haukwisha ila wafu walizidi 1,000 kwa siku. Kwa hiyo yeye hakuona kuwa mkusanyiko wa namna ile una asili katika sharia, kwani Maswahaba walifikwa na tauni na hawakuufanya.

Basi tukachukua njia hii: dua tuliiomba siku zote tatu, kila mtu na watu wake nyumbani, na kunuti katika swala. Kiwanjani hatukwenda. Baadhi ya ndugu walituona tumepungukiwa na imani. Mwenyezi Mungu anatosha kuwa shahidi baina yetu.

RAMADHANI NA KOSA LETU

Makka yenyewe ilikuwa imesimamisha umra tangu mwishoni mwa Februari. Misikiti ya jirani zetu Kenya ilifungwa. Yetu ilibaki wazi, na kubaki wazi ni ruhusa. Hakukuwa amri ya kusongamana. Tuliweka ndoo ya maji na sabuni mlangoni, watoto wa madrasa tukawarudisha makwao, tarawehe tukaifupisha, na kila mtu akaja na mswala wake. Majumbani watu walipiga nyungu kwa majani ya mkaratusi na mchaichai, na tangawizi na ndimu zikapanda bei.

Lakini usiku wa mwezi 27 msikiti ulijaa hadi barazani, bega kwa bega, na hatukupata ujasiri wa kuwarudisha watu. Baada ya Idi wazee wetu kadhaa walikohoa, na wengine tuliwazika. Kipimo hakikufika kwao, na hatusemi walikufa kwa lipi. Ila kila tukipita makaburini tunauona usiku ule, na tunamuomba Mwenyezi Mungu msamaha.

Kuhusu maiti, picha za maziko ya usiku zilizopita katika simu zilitia watu khofu hata ya kumgusa marehemu. Tuliwakumbusha hukumu: akiweza kuoshwa bila madhara huoshwa, mwoshaji akijikinga; ikikhofiwa madhara, hutayamamiwa. Kuswaliwa na kuzikwa ni haki yake, wala haiachwi. Ama kuwa ni shahidi, Ibn Hajar amepambanua baina ya tauni na waba mwengine, lakini rehema ya Mola ni pana, nasi tunawatarajia wafu wetu daraja hiyo.

KHATIMA

Mwanzoni mwa Mei takwimu ziliachwa kutangazwa, zikiwa zimefikia wagonjwa 509 na vifo 21. Uvumi ukachukua mahali pa khabari: huyu anasema yamekwisha, yule anasema wanakufa mamia. Tarehe 28 Julai 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa hadharani kuzindua chanjo nchini, na wengi tuliokuwa na wasiwasi tukapata pa kuanzia.

Tunalolichukua katika yote haya ni kwamba khofu na matumaini ni mbawa mbili za muumini, na ndege hairuki kwa moja. Aliyeogopa bila ya kutaraji alimtenga jirani yake na maiti wake. Aliyetaraji bila ya kuogopa alitujazia msikiti usiku wa 27, nasi tukiwa mbele yake. Na kusema kweli juu ya maradhi, kwa mzee wa nyumba, kwa imamu na kwa mtawala, ni amana. Wale waliomficha mgonjwa wa tauni mwaka 1980 walidhani wanamsitiri, kumbe wanamzika.

Enyi maimamu wenzetu, waba mwingine ukija, na hapana anayejua ni lini, tusingoje usiku wa mkusanyiko ndipo tutafute la kusema. Tuwafundishe watu mlango huu sasa, wakiwa na afya na wametulia.

Wallahu aalam, wabillahi tawfiq.