Minara ya Nyikani: Nani Aliishi Jirani na Ettenmoors?

Katika ramani ya dunia ya kubuni ya J.R.R. Tolkien, kaskazini mwa Rivendell, kuna eneo ambalo jicho la msomaji hulipita upesi. Ni Ettenmoors, unakochimbuka mto Hoarwell. Sehemu ya mwisho ya jina hilo hutaja aina ya ardhi isiyo na jina maalumu katika Kiswahili: nyanda za juu zenye baridi na upepo, zisizo na miti, ambako vichaka vifupi huota juu ya udongo wa mboji uliolowa maji. Hapa itaitwa nyika, na sababu itaonekana mbele.

Sehemu ya kwanza ya jina ni kongwe zaidi. Inatokana na neno la Kiingereza cha kale, eoten, yaani jitu. Tolkien alilijua vyema, kwa kuwa kuanzia 1925 alikuwa profesa wa lugha hiyo huko Oxford, na mhadhara wake wa 1936 juu ya utenzi wa Beowulf bado unajadiliwa. Katika utenzi huo zimwi Grendel huitwa eoten, huitwa pia mtembea mipakani, na makao yake ni nyika na vinamasi. Watu wako ukumbini, penye moto na nyimbo. Jitu liko nje, gizani. Ettenmoors imerithi mgawanyo huo.

Lakini Tolkien hakuishia kwenye urithi huo, na hapa ndipo wahakiki wanapaswa kusoma polepole. Katika The Lord of the Rings (1954–55), Aragorn anawaongoza wahobiti kupita vilima vya kusini mwa Ettenmoors. Yeye aliyezunguka nchi nyingi anahofia njia isije ikawafikisha huko juu, kwenye nchi ya matroli, ambayo hata yeye haijui sana. Mmoja wa wahobiti hao, Frodo, anaona magofu ya kuta na minara, anauliza ni nani aliyejenga. Aragorn anamjibu kuwa matroli hayajengi. Waliishi watu pale zamani, wakawa waovu chini ya kivuli cha ufalme wa Angmar, na wote wakaangamia vitani.

Jibu hilo linastahili kupimwa kama mwanahistoria anavyompima shahidi. Nyongeza za kitabu zinaeleza kwamba mwaka 861 wa Enzi ya Tatu ufalme wa Arnor uligawanyika katika sehemu tatu: Arthedain, Cardolan na Rhudaur. Vilima vile vilikuwa vya Rhudaur, ambako baadaye utawala ulishikwa na mkuu wa Watu wa Vilima aliyefungamana na Angmar kwa siri. Arthedain ilikuwa adui yao, na Aragorn ni mzao wa wafalme wa Arthedain. Anayesimulia uovu wa waliotoweka, basi, ni mrithi wa waliopigana nao. Si lazima awe mwongo. Ila ushahidi wa upande wa pili haupo, isipokuwa mawe.

Nyika halisi za Uingereza zina mawe ya namna hiyo. Dartmoor, ambako Arthur Conan Doyle aliweka hadithi ya The Hound of the Baskervilles, husifiwa kama pori lisiloguswa. Hata hivyo, huko Grimspound pana misingi ya nyumba za mviringo 24 za Zama za Shaba, ndani ya ukuta mmoja. Chavua iliyohifadhiwa katika mboji inaonyesha pia kwamba sehemu kubwa ya nyanda hizo ilikuwa na miti, na kwamba mikono ya wakulima na wafugaji ilichangia kuiondoa. Upweke unaomvutia mtalii una historia ya makazi na kazi.

Waswahili nao wanaujua mchezo huu wa kuita pori mahali wanapoishi watu. Kwa muda mrefu watu wa pwani waliwaita majirani zao wa bara Wanyika, yaani watu wa nyika, watu wa porini. Wamishonari wa karne ya 19 waliokaa Rabai wakalichukua jina hilo na kuliandika vitabuni. Walioitwa hivyo walikuwa na kaya zao, makazi yenye ngome ndani ya misitu. Katika miaka ya 1940 jina Mijikenda, miji tisa, lilienea badala ya lile la dharau, na mwaka 2008 misitu ya kaya iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Watu wa Vilima wa Rhudaur hawakupewa nafasi kama hiyo. Jina walilojiita wenyewe halimo kitabuni. Lililopo ni la wale waliowatazama kutoka mabondeni. Frodo peke yake ndiye aliyeuliza ni nani aliyejenga minara ile.