Neno "Roho" katika Nadharia ya Nafsi ya Jung

Mwezi Novemba 1925 daktari wa nafsi kutoka Uswisi, Carl Gustav Jung, alishuka melini Mombasa. Baada ya safari ya gari moshi, motokaa na miguu, alipiga kambi katika miteremko ya Mlima Elgon, miongoni mwa watu aliowaita Waelgonyi, nasi leo twawaita Wasabaoti. Alitaka kujua kama utaratibu aliouona katika nafsi za wagonjwa wake wa Ulaya ulikuwa wa binadamu wote.

Kwa Jung, nafsi si ghala la kumbukumbu zilizotupwa ovyo. Ni jengo lenye mpango. Juu kuna utambuzi wa kila siku, pamoja na barakoa tuivaayo mbele za watu. Chini yake kuna kivuli, yaani yale tunayoyakana. Chini zaidi kuna vikale, ambavyo binadamu wote huzaliwa navyo. Vikale havionekani; zionekanazo ni ishara zake tu. Kubwa kati ya hizo ni mandala, duara lenye kitovu, ambalo yeye mwenyewe alianza kulichora mwaka 1916.

Huko Elgon alielezwa kwamba jua linapochomoza watu hutemea mate au kupulizia viganja vyao, kisha huvielekeza kwenye jua. Jung akafasiri kuwa pumzi hiyo ni "roho", akaliweka neno hili sambamba na *ruh* la Kiarabu, *ruach* la Kiebrania na *pneuma* la Kiyunani. Nilipokuwa mwanafunzi ng'ambo, mhadhiri mmoja alitusomea ukurasa huo kama ushahidi wa vikale. Nilinyamaza, na hadi leo najuta.

Maana "roho" tumelipata kwa Waarabu, na *ruh* na *ruach* ni ndugu wa ukoo mmoja wa Kisemiti. Mashahidi watatu, kumbe ni mmoja! Wala Wasabaoti, ambao lugha yao ni ya jamii ya Kikalenjin, hawakulirithi neno hilo kwa wazee wao. Lilikuwa neno la daraja, kati yao na mgeni ambaye, kwa kukiri kwake, alizungumza Kiswahili cha kuungaunga akisaidiwa na kamusi ndogo.

Hata hivyo tusimwonee. Aliandika pia neno *adhista*, ambalo bila shaka ni *asista*, jua, lenye shina moja na *Asis*, jina la Mungu kwa Wakalenjin. Wazee walimcheka alipodhani kwamba jua la adhuhuri ni Mungu. Uungu, walisema, umo katika dakika ile ya kuchomoza. Ushahidi huu una uzito kuliko ule wa "roho", kwa kuwa neno lenyewe ni lao.

Kumbukumbu zake zilichapishwa kwa Kijerumani mwaka 1962, yeye akiwa amekwisha kufariki. Alikuwa amepita umri wa miaka 80 alipoanza kumsimulia Aniela Jaffé, na maneno ya alfajiri ile yalikuwa yamekwisha kupita katika lugha tatu.