Daktari Mbele ya Mnyonya Damu: Ulaya, Afrika Mashariki na Shiki

Hadithi za wanyonya damu hazikosi daktari. Watazamaji wengi humkodolea macho mnyonya damu mwenyewe, meno yake, jeneza lake na woga wake wa jua, daktari wakamwacha apite kama msaidizi tu. Mimi nashikilia kwamba daktari ndiye kipimo. Ukishajua amesimama upande gani wa sindano, utajua jamii iliyoitunga hadithi hiyo inamwamini nani na inamwogopa nani. Hapa nalinganisha mapokeo matatu: ya Ulaya, ya Afrika Mashariki, na ya Kijapani kama yanavyojitokeza katika Shiki, mfululizo wa anime wa mwaka 2010.

Tuanze na Ulaya. Mwanzoni mwa mwaka 1732, Johann Flückinger, daktari wa jeshi la Austria, alitia saini ripoti kutoka kijiji cha Medveđa huko Serbia, sehemu iliyokuwa chini ya utawala wa Austria. Wanakijiji walidai kwamba Arnold Paole, aliyefariki miaka kadhaa kabla ya hapo baada ya kuanguka kutoka kwenye mkokoteni wa majani makavu, amerudi kuwanyonya damu, na kwamba aliowaua nao wameanza kurudi. Makaburi yakafukuliwa. Flückinger na wenzake wakaandika habari za maiti mmoja baada ya mwingine: huyu ameoza, huyu hajaoza, huyu ana damu mbichi kifuani. Walioonekana hawajaoza wakakatwa vichwa, wakachomwa moto, na majivu yao yakamwagwa katika mto Morava. Daktari alikuwa shahidi wa serikali, na saini yake ndiyo iliyoipa habari ile nguvu ya kusambaa Ulaya nzima.

Bram Stoker alipochapisha Dracula mwaka 1897, daktari alikuwa ameshapanda cheo akawa shujaa. Lucy anapodhoofika, Profesa Van Helsing na Daktari Seward wanamtia damu ya wanaume wanne, kila mmoja kwa zamu yake. Karl Landsteiner alikuwa bado hajagundua makundi ya damu, hivyo tiba hiyo ingeweza kumuua mgonjwa upesi kuliko meno ya Dracula. Riwaya haina wasiwasi huo. Chumba kimefungwa, ni usiku, mgonjwa kapewa dawa ya usingizi, damu inatoka kwa huyu inaingia kwa yule, na msomaji anatakiwa kushukuru.

Mtu wa Mombasa au Dar es Salaam wa zama za ukoloni angesimuliwa mambo ya chumba kile, asingeshukuru. Angetambua mara moja kwamba anasimuliwa habari za mumiani.

Katika pwani yetu na bara, mnyonya damu hakutoka kaburini. Alikuwa mtu hai, ameajiriwa, ana gari na vifaa. Watu walisema anakamata wapita njia usiku, anawatia shimoni au chumba cha siri, anawatoa damu, na damu hiyo inageuzwa dawa ya kuwatibu Wazungu. Nairobi na Kampala waliotajwa ni wazimamoto, kwa sare zao na magari yao mekundu. Kwingine walitajwa askari, wapimaji ardhi na watu wa hospitali. Mwanahistoria Luise White alikusanya masimulizi haya kutoka Kenya, Uganda na Rhodesia ya Kaskazini, akayachapisha mwaka 2000 katika kitabu kinachoyachukulia kama ushahidi wa jinsi watu walivyoishi chini ya ukoloni, bila kuyacheka. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Serikali za kikoloni zilikuwa zinawapanga watu mistari, zikiwatoboa matezi ya shingo na kuwachukua damu katika kampeni za kupambana na malale. Aliyechomwa sindano hakuelezwa damu yake inakwenda wapi, akajieleza mwenyewe.

Tofauti ya mapokeo haya mawili ni ya msingi. Ulaya ilimwogopa maiti, ikamwita daktari amthibitishe na kummaliza. Afrika Mashariki ilimwogopa daktari na kila aliyevaa sare pamoja naye, kwa kuwa huyo ndiye aliyekuwa na uwezo wa kuchukua mwili wa mtu bila kuulizwa.

Sasa twende Japani. Fuyumi Ono alichapisha riwaya ya Shiki mwaka 1998, akiwa ameathiriwa waziwazi na 'Salem's Lot ya Stephen King ya mwaka 1975. Ryu Fujisaki akaichora kuwa manga, kisha studio ya Daume, chini ya mwongozaji Tetsuro Amino, ikatengeneza anime iliyorushwa na Fuji TV kuanzia Julai hadi Desemba 2010. Kutoka kwa King, Ono alichukua kijiji kinachokufa taratibu na jumba lililo juu ya kilima. Udongo aliopandia mbegu hiyo ni wa kwao. Kijiji chake, Sotoba, kimezungukwa na miti inayochongwa mbao za makaburini, na wakazi wake bado wanazika maiti katika nchi ambako karibu kila maiti huchomwa. Kwa hiyo Sotoba wafu wana mwili wa kurudia.

Kiangazi kikali kinaingia, na watu wanaanza kufa mmoja baada ya mwingine. Daktari wa kijiji, Toshio Ozaki, anafanya kazi ya daktari: anapima damu, anaona upungufu, anashuku ugonjwa wa kuambukiza, anakesha na wagonjwa. Anapokubali hatimaye kwamba waliozikwa wanarudi, wenzake wanamwona amechoka akili. Mpaka hapo yeye ni Van Helsing. Nao wanyonya damu, ambao hadithi inawaita shiki, wanajipenyeza kupitia mambo ya kawaida kabisa: wanafungua zahanati yao na kampuni yao ya mazishi. Kikulacho ki nguoni mwako, na anayebisha hodi usiku ni jirani uliyemzika wiki iliyopita, anayeomba tu umkaribishe ndani.

Kisha mke wa Toshio, Kyoko, anafariki. Toshio haruhusu azikwe. Anasubiri. Kyoko anapofumbua macho, amefungwa kamba kwenye meza ya upasuaji, na mumewe amesimama kando na vifaa vyake. Anamdunga dawa hii, haifanyi kazi, anaandika. Anamchana, anatazama kidonda kikijifunga, anaandika. Anajaribu kitu kimoja baada ya kingine huku Kyoko akipinda kwa maumivu, mpaka anapompigilia mti wa ncha kali moyoni na kuthibitisha kwamba ndivyo wanavyokufa. Rafiki yake Seishin, mtawa wa Kibudha na mwandishi, anaingia akakuta damu imetapakaa, na tangu saa hiyo hawawezi tena kuwa upande mmoja.

Katika chumba hicho mapokeo mawili yanakutana. Kwa macho ya Ulaya, Toshio amepata ushahidi wa kuokoa kijiji, na mbinu yake ni ile ile ya Flückinger. Kwa macho ya Afrika Mashariki, huyu ni mumiani mwenyewe: mlango umefungwa, mhanga amefungwa, na aliyeshika kisu ana cheti. Ono hatupi nafasi ya kuchagua jibu moja na kulala usingizi. Pembeni ya Toshio anamweka Ritsuko, muuguzi wa kliniki hiyo hiyo, ambaye amekufa akafufuka kuwa shiki. Analetewa muuguzi mwenzake amle. Njaa inamtesa, lakini anakataa mpaka mwisho, na anauawa na wanakijiji wanaowasaka shiki bila kuwahi kunywa damu ya mtu. Daktari aliyebaki binadamu alichana mwili wa mkewe. Muuguzi aliyegeuka mnyonya damu alishika kiapo cha kazi yake.

Ndiyo maana toleo la DVD na Blu-ray lina uzito wa pekee. Televisheni ilionyesha sehemu 22. Wanunuzi wa diski waliongezewa mbili ambazo hazikurushwa, namba 20.5 na 21.5, na Funimation ilipoutoa mfululizo huu Marekani mwaka 2012, ulikuwa tayari na sifa ya kuwa na kipande kisichoonekana hewani. Namba hizo zinaonyesha pa kuziweka: katikati ya msako, wakati wanakijiji wamekwisha kujua siri na wanawatoa majirani zao mafichoni mchana kweupe. Kwenye televisheni msako huo ulikuwa tayari unatisha. Wanawake wanapanga maiti, kisha wanakaa kula matonge ya wali. Sehemu za ziada zinaurefusha, na urefu huo ndio hoja. Mtazamaji analazimika kukaa na wauaji wakati ambapo mauaji yamekuwa kazi ya kila siku, na hawezi tena kusema alishangilia kwa bahati mbaya.

Huku kwetu jambo hili si la sinema peke yake. Mwaka 1959, ghasia za mumiani huko Buguruni, Dar es Salaam, ziligharimu maisha ya askari. Mwaka 2017, kusini mwa Malawi, uvumi wa wanyonya damu ulisababisha watu kuuawa na makundi ya raia, na Umoja wa Mataifa ukawaondoa wafanyakazi wake Mulanje na Phalombe. Hofu iliyozaliwa na dhuluma ya kweli ilimwangukia mtu asiye na hatia, kama ilivyomwangukia Ritsuko.

Hukumu yangu ni hii. Kati ya kazi za wanyonya damu ninazozijua, Shiki ndiyo inayomwuliza daktari na umati swali moja kwa uzito ule ule: nani alikupa ruhusa juu ya mwili huu? Anayetaka kuitazama atafute toleo kamili lenye sehemu 24, na asiziruke zile mbili. Na sisi tuliolelewa kwa habari za mumiani tuzihifadhi kama kumbukumbu ya walioonewa, tusiruhusu zitumike kumwua yeyote.