Simu za Nyeri na Kicheko cha Makarani

Juzi nilikuwa Nyeri mjini, nimekwenda kuwafungia watu wa ofisi moja programu ya mishahara. Hata kompyuta sijaiwasha, mama mmoja karani akaniuliza, "Sasa kijana wangu, hiyo yako imekuja kumfuta nani?" Wenzake wakaangua kicheko.

Sisi tunaoandika programu hupenda kukiita kicheko hicho woga wa teknolojia. Mimi naona ni kumbukumbu. Basi leo tuweke programu kando, tuzungumze habari za simu.

Zamani, ukitaka kupiga simu kutoka mji mdogo kama Othaya, ulizungusha mkono wa simu, opereta akaitika, ukamtajia unayemtaka, naye akachomeka waya kwenye ubao ulio mbele yake. Mtambo wa kumwondoa opereta ulibuniwa mapema sana. Almon Strowger, mfanyabiashara wa mazishi wa Kansas City kule Marekani, aliupatia hataza mwaka 1891. Inasimuliwa kwamba alishuku opereta wa mjini alikuwa akiwapeleka wateja wake kwa mshindani. Yaani mashine yenyewe ilizaliwa kwa sababu bwana mmoja hakumwamini mfanyakazi!

Kwetu mitambo hiyo ilienea mji baada ya mji. Waliosimamia simu tangu 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, walikuwa Shirika la Posta na Simu la Kenya. Leo badala ya opereta tuna tarakimu: 061 ni Nyeri, 062 Nanyuki, 064 Meru, 068 Embu. Tarakimu hizo tatu zinajibu swali ambalo zamani liliulizwa na mtu: "Unataka mji gani?"

Hapo mashine ilichukua kazi kweli, tusidanganyane. Lakini mteja alipata faida, na mafundi wa nguzo na nyaya walibaki na kazi. Pigo kubwa lilikuja baadaye, na halikutoka kwenye mtambo.

Mwaka 1999 shirika liligawanywa. Telkom Kenya ikarithi nyaya, pamoja na haki ya kuwa peke yake kwenye simu za mezani hadi 2004. Tena ilikuwa na mtoto, Safaricom, iliyoundwa 1997. Mwaka 2000 Vodafone ya Uingereza ikapewa asilimia 40 ya Safaricom pamoja na usimamizi, Telkom ikabaki na 60. Fikiria basi: kampuni ina nyaya nchi nzima, haina mshindani wa simu za mezani, na inamiliki sehemu kubwa ya simu za mkononi. Ungedhani wafanyakazi wake wangelala usingizi.

Wapi! Wateja walihamia simu za mkononi, na maelfu ya wafanyakazi wa Telkom wakapunguzwa, hasa 2006 na 2007. Zile hisa za Safaricom zikahamishiwa Serikali. Desemba 2007, France Télécom na wenzake wakanunua asilimia 51 ya Telkom kwa dola milioni 390, kama shilingi bilioni 25 za wakati huo. Miezi michache baadaye, mwaka 2008, Serikali iliuzia umma asilimia 25 ya Safaricom, ikapata shilingi bilioni 50. Piga hesabu mwenyewe: robo ya mtoto ilileta mara mbili ya nusu ya mama.

Fundi aliyepanda nguzo kule Mukurweini au Nanyuki hakuulizwa hata moja kati ya maamuzi hayo. Barua ya kuachishwa, hata hivyo, ilimfikia yeye. Ukimwambia mtu kama huyo, au mtoto wake, kwamba kompyuta imekuja "kurahisisha kazi", atacheka. Amejifunza kwamba wakubwa wakikosea, lawama hubebeshwa mashine na hasara hubebeshwa yeye.

Kwa hiyo siku hizi, kabla ya kufunga programu, nauliza swali la yule mama kwa sauti, mbele ya wote. Siku ile meneja alinijibu, "Hayo tutayaona baadaye." Nikamwomba aniandikie kwenye karatasi ni kazi zipi zitabaki na nani atafundishwa nini. Bado naisubiri karatasi hiyo, na programu nayo bado inaisubiri.

Haya, tuonane wiki ijayo.