Miaka Mitatu Bila Padre

Mara nyingi twadhani kwamba Kanisa hukua pale tu mapadre wanapokuwapo na mambo yanapokuwa shwari. Historia ya Buganda yatufundisha vingine.

Wamisionari wa Afrika, wajulikanao kama Mapadre Weupe, walifika huko mwaka 1879. Novemba 1882, hatari ilipozidi, waliondoka wakaenda kusini ya ziwa, wakakaa Bukumbi, karibu na Mwanza. Kundi lile changa likabaki bila padre na bila Misa kwa karibu miaka mitatu. Lakini waliporudi mwaka 1885, walikuta waamini wameongezeka. Walei walikuwa wamefundishana wao kwa wao: Yosefu Mukasa Balikuddembe katika jumba la mfalme, Mathias Kalemba Mulumba huko Mityana.

Shida yenyewe haikuwa njema. Lakini iliwalazimu kujiuliza: imani hii ni ya wageni waliokwenda zao, au ni yetu?

Jibu lilionekana Mei 1886 huko Munyonyo. Karoli Lwanga, mlei aliyebatizwa miezi sita tu kabla, aliwabatiza kijana Kizito na wenzake watatu usiku, wakingojea hukumu. Tarehe 3 Juni wote wakachomwa moto Namugongo.

Basi sisi tulio vigangoni, tunaomwona padre kwa nadra, tusizihesabu Jumapili hizo kuwa tupu. Tusome Neno, tuwafundishe watoto, tuwatembelee wagonjwa. Mungu atujalie imani iliyo yetu kweli. Amina.