Dume, Jike na Majira: Hesabu za Mbung'o katika Nyanda za Singida na Shinyanga

Wilaya ya Ikungi ilimegwa kutoka Singida Vijijini mwaka 2012, hivyo habari zake za enzi ya Waingereza husomwa chini ya jina la Singida. Humo mbung'o anatajwa mara nyingi, kwa kuwa ndiye aliyeamua ng'ombe walishwe wapi na kijiji kihamishwe lini.

Hesabu zake zilipatikana kwa miguu. Wakamataji walipita njia ileile porini, wakasimama mahali palipopangwa na kunasa kwa wavu kila mbung'o aliyewafuata. Katika mavuno hayo madume walizidi majike kwa mbali. Jambo hilo lilipaswa kutia shaka, maana mbung'o huzaliwa dume na jike takriban sawasawa, na jike huishi muda mrefu zaidi. Porini majike ndio wengi.

C.H.N. Jackson, aliyewatia mbung'o alama za rangi na kuwaachia ili awakamate tena, alisaidia kueleza fumbo hilo katika miaka ya 1930. Dume humfuata mtu au mnyama anayetembea hata akiwa ameshiba, kwa kuwa hapo ndipo atakapompata jike. Jike humwendea mtu akibanwa na njaa. Kiangazi kinapokaza na wanyama kutawanyika, sehemu ya majike katika mavuno huongezeka. Kinachobadilika hapo ni njaa, wala si uzazi.

Tofauti hiyo haikuwa ya kitaaluma tu. Huko Shinyanga, chini ya C.F.M. Swynnerton, Wasukuma kwa maelfu walifyeka vichaka tangu miaka ya 1920, na mafanikio ya kazi hiyo yalipimwa kwa mavuno ya wakamataji. Pori lililohesabiwa wakati mbung'o wameshiba lingeweza kuonekana salama kuliko lilivyokuwa, na mfugaji aliyeingia humo alilipa kwa nagana. (Mbung'o wa ukanda huo, Glossina swynnertoni, alipewa jina la Swynnerton mwaka 1923.)

Swynnerton alikufa mwaka 1938 katika ajali ya ndege karibu na Singida, pamoja na mtaalamu wa mimea B.D. Burtt. Kitabu chake kikubwa kuhusu mbung'o wa Afrika Mashariki kilikuwa kimetoka mwaka 1936. Anayezitumia leo takwimu za wakati huo hana budi kuangalia kwanza mwezi zilipokusanywa, kisha jinsia, ndipo atazame jumla.