Mirambo Anajulikana, Je Waliofua Majembe?

Ukitaja Ulyankulu kwenye stori yoyote ya historia, jina la kwanza kutoka ni Mirambo. Mtemi mwenyewe, ruga-ruga wake, bunduki, ugomvi na Waarabu wa Tabora ulioanza 1871, mpaka alipofariki Desemba 1884. Stori za vita zinauza, hilo halina ubishi. Ila njia hizo hizo za misafara zilipitisha chuma kingine kilichogusa maisha ya watu wengi kuliko bunduki: jembe.

Jembe enzi hizo lilikuwa pesa. Kijana wa Kinyamwezi aliyetaka kuoa alihesabiwa majembe kwenye mahari, na msafara ulioelekea Ugogo ulibeba majembe ya kubadilishana huko. Tabora iliyapokea kwa maelfu, mengi yakitoka kaskazini, upande wa Geita na Biharamulo ya leo, kwa wahunzi wa Kirongo. Mirambo ana mtaa wenye jina lake Dar es Salaam. Wahunzi hao hawana hata kichochoro.

Na kazi yao haikuwa ya mchezo. Tanuri la udongo, mkaa mwingi, mawe yenye chuma, mivukuto. Wengi hudhani chuma kiliyeyushwa kama mafuta ya nazi, kumbe sivyo. Mkaa ukiungua ndani ya tanuri hutoa gesi inayonyang'anya jiwe oksijeni yake. Kinachoyeyuka ni taka, yale yanayoitwa mavi ya chuma (ndiyo jina lake, msicheke). Chuma chenyewe hubaki bonge lenye matundu kama sifongo, kisha kinapigwa nyundo mpaka kinyooke. Kule Skandinavia nao walifanya hivyo kwa karne nyingi, kwa chuma kilichotoka kwenye vinamasi.

Wafipa, kusini zaidi kuelekea Sumbawanga, walijenga matanuri marefu kuliko mtu, yasiyohitaji mivukuto kwa sababu hewa ilijivuta yenyewe kupitia matundu ya chini. Tanuri lilipambwa kama bibi harusi, na wafuaji hawakulala na wake zao mpaka kazi iishe. Chuma kikigoma, wa kwanza kutiliwa shaka ni aliyechepuka.

Sasa ile posti inayozunguka mitandaoni, kwamba Wahaya walitengeneza feleji miaka 2,000 iliyopita kwa ujuzi ambao Ulaya iliupata karne ya 19. Imetoka kwa mwanaakiolojia Peter Schmidt na mtaalamu wa metali Donald Avery, walioandika kwenye jarida la Science mwaka 1978. Walisema mirija ya udongo iliingia ndani kabisa ya tanuri, hivyo hewa ilipata moto kabla haijafika kwenye mkaa.

Wanasayansi wengine wakapinga: hewa inapita kwa kasi mno, haiwezi kupata joto kiasi hicho ndani ya mrija. Mabishano hayo posti huwa haiyataji. Pia haisemi kwamba hata ukiondoa hoja ya hewa ya moto, ushahidi wa wafua chuma wa kale Buhaya bado upo palepale ardhini.

Kinachosahaulika zaidi ni wazee wenyewe. Waliombwa kujenga tanuri upya mwaka 1976, wakati kazi hiyo ilikuwa imeachwa miongo mingi, baada ya majembe ya bei rahisi kuingia kutoka Ulaya. Walikuwa wameifanya ujanani tu. Majaribio ya mwanzo yakafeli. Wakabishana, wakakumbuka, wakarekebisha. Shimo la chini wakalijaza matete ya kinamasi yaliyochomwa, ambayo huongezea chuma kaboni, wakavukuta kwa zamu saa baada ya saa. Safari hiyo tanuri likatoa chuma.